Siku Tuliyozima Tanuru la Kioo

Kaka yangu alipuliza vioo vya taa pembeni ya Kasongo wakati wa Wabelgiji, na wengi waliowasha taa hizo walidhani vioo vimetoka Ulaya. Vilitoka uani kwetu, chini ya paa la nyasi. Kaka hakuwasahihisha. Sasa yeye hayupo, na mkewe, wifi yangu, alimtangulia. Nimebaki mimi niliyekuwa navuta mivukuto. Shule yangu ilikuwa fupi, kwa hiyo nitasema nilichokiona kwa maneno niliyo nayo.

Kazi alijifunza kwa bruda mmoja wa misheni, mzee aliyezaliwa kwa wapuliza kioo. Bruda aliporudi kwao mgonjwa, kaka alibaki na ujuzi bila vyombo. Tanuru alilijenga kwa udongo wa kichuguu. Bomba la kupulizia alilipata kwa baba yetu, aliyekuwa mhunzi. Baba alichukua mtutu wa gobori la zamani, akaukata, akausugua ndani mpaka ukapitisha pumzi bila kukwaruza. Alipomkabidhi alimwambia kwa uso mkavu, "Puliza tu, usivute. Baruti ya babu yako iko humo bado." Kaka alikaa muda mrefu akiutazama mtutu ule kabla ya kuutia mdomoni, na baba akaenda kuchekea nyuma ya nyumba.

Chupa tuliziokota nyuma ya nyumba za Wazungu na kwenye shimo la dispensari. Tulitenga nyeupe na kijani, maana taa inataka nyeupe.

Lakini bila wifi yangu kusingekuwa na kitu. Alizaliwa upande wa Kabambare, kwenye ukoo wa wanawake wafinyanzi, na yeye ndiye aliyefinyanga chungu cha kuyeyushia kioo. Chungu cha mboga hakiwezi moto ule. Kinalegea na kukaa chini kama ugali uliokosa unga. Chake alikifanya kwa udongo wa bonde moja tu la kwao, akauchanganya na vigae vilivyotwangwa, akakijenga kinene, kisha akakiacha kivulini msimu mzima wa mvua kikauke taratibu. Kwa hiyo tulikuwa na chungu kimoja kwa mwaka. Kiangazi kikianza kiliingia tanuruni, na kutoka hapo moto haukuzimwa mpaka mvua zirudi. Moto ukifa na kioo kimo ndani, kioo kinapopoa kinakamata udongo na kuupasua. Tulipokezana kuulinda, hata wakati wa kazi ya pamba, ambayo hakuna mtu aliyeweza kuikwepa.

Nilipenda kumtazama kaka akipuliza. Alichovya ncha ya bomba, akaizungusha, na kioo kikaja nayo kizito kama asali. Mashavu yake hayakuvimba. Pumzi ilitoka tumboni, kidogo kidogo, huku vidole vikizungusha bila kupumzika. Kioo kikakua mbele yetu kutoka wekundu mpaka kuonekana kama hakuna kitu. Halafu alikilaza kwenye jivu la moto na hakukigusa tena siku ile. Alisema kioo kina haraka ya kupoa, na haraka hiyo ndiyo inayokiua.

Baba alifariki katikati ya kiangazi. Alilala mzima na asubuhi hakuamka.

Katika ukoo wetu, mzee akifa, moto wote wa watoto wake huzimwa kabla maiti haijaoshwa. Majirani ndio wanaopika. Baada ya mazishi, kaka wa marehemu huleta moto mpya kutoka kwake. Kwa hiyo baba mkubwa alikuja na mtungi wa maji. Akazima jiko la mama, akazima la wifi, akazima langu. Kisha akasimama mbele ya tanuru.

"Baba mukubwa," kaka akasema, "huu ukiuzima kwa maji, chungu kinapasuka. Nikipoteza chungu, sina kazi mpaka mwaka kesho."

"Na ukiuacha?"

"Baba haoshwi."

"Basi unajua yote mawili."

Hakuwa mkali. Aliuweka mtungi chini, akaketi juu ya gogo la kuchomea makaa kama mtu aliyefika mwisho wa nguvu zake. Alikuwa amefiwa na mdogo wake.

Wifi ndiye aliyesema, amepiga magoti, macho chini. "Baba, chungu kitupu kinaweza kupoa polepole. Tukitoa kioo chote, moto utakufa wenyewe, pasipo maji."

Baba mkubwa alitazama kivuli cha paa. "Kivuli kikifika pale mulangoni kwa mama yenu," akasema, "nachukua mtungi."

Kaka alianza kupuliza. Mimi nikashika mivukuto, wifi akapokea kila kioo na kukilaza. Baba yetu alikuwa ndani ya nyumba, amefunikwa, anamngoja mwanawe amalize. Kila aliyeingia uani aliona jambo hilo: maiti inangoja, na mtoto anafanya kazi. Wengine waliinamisha vichwa. Wengine walinong'ona.

Mtani wetu hakunong'ona. Alikuwa wa ukoo jirani wenye utani na wetu, na kama ilivyo haki ya mtani msibani, alikuwa amevaa ngozi ya uhunzi ya baba na kuigiza mwendo wake, mguu mmoja ukiburuta, mpaka mama mwenyewe akacheka katikati ya kilio. Sasa akaja tanuruni.

"Njooni muone mutoto wa muhunzi! Baba iko kwenye mukeka, yeye iko anapuliza mapovu. Anamunyima muzee hata chozi moja!"

Mtani hakasirikiwi. Kaka hakugeuka. Lakini mimi nilijua kwa nini macho yake yalikuwa makavu. Mtu hawezi kulia na kupuliza. Kwikwi moja ikipita kwenye bomba, kioo kinavimba upande na kazi imeharibika. Mimi nililia kadiri nilivyotaka, maana mivukuto haijali. Yeye aliugeuzia moto uso wake, akachovya, akazungusha, akapuliza, na kila pumzi aliyoitoa ilikuwa imepimwa. Sijaona tena mtu akijizuia namna ile.

Kivuli kilipokaribia mlango, kioo kilichobaki kilikuwa chini ambako bomba halifiki. Wifi akakichota kwa upawa wa chuma ambao baba alimfulia, akakimwaga mchangani, nyusi zake zikiungua. Akafunika mdomo wa tanuru kwa udongo na jivu. Baba mkubwa aliinuka, akaumwaga mtungi wake pembeni, ardhini. Ndipo wakaingia kumwosha baba.

Alizikwa siku iliyofuata, ndugu wanaokaa kijiji cha Wamaza walipofika. Kaburini kaka alisimama na macho yale yale makavu. Nilisikia mwanamke akisema kwamba moto umemkausha roho.

Matanga yalipokwisha, baba mkubwa alileta makaa mekundu juu ya kigae, akawasha majiko yetu, kisha akatusubiri tanuruni. Wifi akafukua jivu. Chungu kilionekana kizima. Akakigonga kwa kifundo cha kidole, na sauti ikatoka nzito, kama ya boga lililooza.

"Kimekufa," akasema.

Kioo kidogo kilikuwa kimebaki kwenye kitako, kile ambacho upawa haukukifikia, na ufa ulianzia hapo. Tulimfanyia baba haki yake, na chungu tulikipoteza hata hivyo.

Kaka alitoa jivuni vioo vya siku ile, akanyanyua kimoja kimoja mbele ya jua, na chenye kidonda au fundo akakivunja. Nilimwomba abakize hata kimoja kibovu, kwa ajili ya kumbukumbu ya baba.

"Dada," akasema, "mutu anataka taa. Hakuomba kilio chetu." Akakivunja na hicho.

Wifi alipokwenda Kabambare kuchimba udongo, baba mkubwa alifuatana naye. Wakarudi siku nyingi baadaye, na mzee yule ndiye aliyebeba kikapu kichwani, udongo umefungwa kwa majani ya migomba, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawafanyi. Mtani alimpokea njiani, akamwita bibi mfinyanzi, akamwuliza anauza vyungu au anatafuta mume.

"Moto niliuzima mimi," baba mkubwa akamjibu bila kusimama. "Nipishe, shingo inauma."

Chungu kilichokufa hakitupwi. Hutwangwa na kuchanganywa na udongo mpya, ili kipya kiweze kuvumilia moto. Wifi alikivunja, tukakitia kinuni, tukashika michi. Kaka alikuja akaketi karibu na ukuta. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Msimu mzima ulikuwa mbele yake bila kitu cha kupuliza. Akafunika uso kwa mikono yake miwili, na mabega yakaanza kutikisika.

Nikasimamisha mchi.

"Twanga, wifi," mke wa kaka akaniambia kwa sauti ya chini. "Twanga kwa nguvu, majirani wasimsikie."