Bibi wa Kyimo alivyoutambua mche mgeni kabla ya DNA

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Kisa hiki nimekikalia miaka mingi kwa sababu mjinga ndani yake ni mimi. Sijakitia chumvi. Majina ya wengine nimebadilisha, langu nimeliacha, na mbele mtaona kwa nini halifichiki.

Ilikuwa miaka ile soko huria limekolea. Ushirika unapumua kwa shida, wanunuzi binafsi wa kahawa wanapishana vijijini, na malori ya Dar yanasimama Kyimo kupakia ndizi. Watu wa Rungwe wakaanza kuitazama migomba yao kwa jicho jingine.

Ajira serikalini zilikuwa zimefungwa. Mimi na cheti changu cha kilimo nikapata mkataba mfupi kwenye mradi wa miche ya ndizi, kituo kikiwa Tukuyu.

Kwa wasioijua kazi hiyo: unachukua kiini cha chipukizi la mgomba, kidogo kama punje ya mchele, unakiotesha maabara kwenye chupa yenye chakula kama jeli. Kinazaa vichipukizi vingi, vyote safi, havina fukusi wala minyoo ya mizizi. Vikikomaa kidogo vinahamishiwa kwenye viriba vya udongo.

Sasa, pale Kyimo alikuwepo Bibi Tusajigwe.

Bibi alikuwa na shina moja la ndizi aina ya ambwene, la mwisho kijijini. Ambwene ni jina la marehemu mama yake. Kule kwetu chipukizi hulipewi hivi hivi. Kwanza unapelekwa shambani kumwona mama yake, ndipo linachimbwa, na ukishapanda, ndizi hiyo unaiita kwa jina la aliyekupa. Bibi alipewa hilo na mama yake siku anaolewa.

Shina lenyewe lilikuwa limeliwa na fukusi hadi linaegemea nguzo mbili kama mzee mwenye magongo. Likianguka, jina la mama linaondoka nalo.

Mradi ukachukua chipukizi lake likapelekwa maabara ya mbali. Baada ya miezi mingi miche ishirini ikarudi Tukuyu. Nikasaini kuipokea na nikapewa pikapu niipeleke.

Njiani nikapita kwa rafiki yangu Asajile, mfugaji. Akanikaribisha maziwa ya mgando. Wakuu, baridi ya Rungwe mnaijua, na maziwa ya Asajile yalikuwa hayakataliki.

Nilipotoka nikamkuta ng'ombe wake ameingiza kichwa kwenye pikapu, anatafuna taratibu kama mtu asiye na miadi. Mche mmoja umebaki kiriba na udongo.

Yaani mimi nanywa maziwa yake, yeye anakula mche wangu. Tulikuwa tumelipana.

Ningesema ukweli siku ile yangeisha. Lakini nilikuwa nimesaini ishirini, na kwenye fomu kulikuwa na mstari wa miche iliyopotea na sababu zake. Nikajiona naandika "ng'ombe". Nikarudi kituoni, nikachomoa mche kwenye trei ya aina nyingine. Kwa macho yangu ya cheti, ilifanana kama mapacha.

Bibi alinipokea vizuri. Akapanga viriba vyote chini ya mama yao, akavua kanga ya kichwani, akaanza kukagua mmoja mmoja. Anageuza jani, anapitisha kidole kwenye kikonyo, anatazama juu kwa mama, anasogea.

Kwenye wa kumi na nne akasimama.

"Huyu si wangu."

"Bibi, wote wametoka maabara."

"Sijakuuliza walikotoka. Nakwambia huyu si wa mama yangu. Njoo uone hapa."

Akanionyesha kikonyo cha jani, ule mfereji wake. "Wangu wanafunga koti mpaka shingoni. Huyu kaacha vifungo wazi kama kijana wa Mbeya."

Nikacheka kitaalamu. Nikamweleza kwamba miche ya chupa hubadilikabadilika, ikikua itakaa sawa.

"Ndaga, mwanangu," akasema. Asante, maana yake, lakini ile asante ya kumaliza maongezi. Kumi na tisa akaipanda kwenye shamba jipya tulilomwelekeza. Ule mmoja akaupanda peke yake, nyuma ya jiko.

Baada ya wiki kadhaa akaja Rehema, dada wa maabara, kukagua maendeleo. Bibi hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Dada, kuna mtoto mmoja hapa mmenipa wa mtu mwingine."

Rehema, kwa heshima, akakata vipande vya majani: kwa mama, kwa mmoja wa wale kumi na tisa, na kwa yule wa nyuma ya jiko. Kupima kulikuwa ghali, hakuweza kuchukua yote. Akavitia kwenye pakiti zenye vidonge vya kunyonya unyevu. Mimi ndiye niliyeshika kalamu kuandika pakiti. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa wa daktari.

Nikajipa moyo kwamba mashine itaharibika. Haikuharibika.

Rehema alirudi na mkuu wa mradi, mzee mpole mwenye kofia ya pama. Akatoa picha yenye mistari iliyopangika kama ngazi. "Bibi, hii ni DNA. Kila aina ina ngazi yake. Huyu ni mama, na huyu ni mtoto wake, mnaona zinalingana. Huyu wa tatu ngazi yake hailingani."

Bibi akaitazama. "Nilisema lini hayo?"

"Wiki nyingi zilizopita, Bibi."

"Na mimi sina mashine."

Tukacheka. Kisha mkuu akavua kofia, na nikajua kicheko kimeisha.

"Tatizo ni kwamba miche imechanganyika maabara," akasema. "Tumepima miwili, mmoja umekosea. Hiyo kumi na minane mingine hatuijui. Kundi lenye shaka linang'olewa lote. Ndio utaratibu wetu."

Rehema akainamisha kichwa. Maabara ilikuwa kazi yake.

Bibi akageuka kulitazama shina lile kwenye nguzo zake. Hakubishana. Mimi hakunitazama kabisa, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mkuu," nikasema, "maabara haijakosea. Mmoja aliliwa na ng'ombe. Nikabadilisha."

"Ng'ombe gani?"

"Wa Asajile."

"Wewe Gwamaka ulikuwa wapi?"

"Ndani. Nakunywa maziwa."

"Maziwa ya nani?"

"Ya huyo ng'ombe, mkuu."

Rehema ndiye aliyeanza kucheka, akashikilia mgomba asianguke. Mkuu alijitahidi kukunja uso, ukamshinda. Bibi hakucheka. Alinisogelea akanitazama kama alivyokuwa anatazama vikonyo.

"Leo umefunga koti," akasema.

Mkuu alikwenda kwa Asajile kuuliza, akarudi na koo laini, nadhani naye alionja. Miche haikung'olewa. Adhabu yangu ikawa kuandika kwa mkono lebo ya kila mche utakaotoka kituoni mpaka mkataba uishe. Vidole vyangu bado vinakumbuka. Bibi naye akaitwa Tukuyu kukagua trei kabla hazijasafirishwa, akakaa kwenye kiti changu.

Shina la zamani lilianguka msimu wa mvua uliofuata. Wakati huo watoto wake walishapita urefu wa Bibi.

Nilimuuliza kwa nini hakuung'oa ule mgeni wa nyuma ya jiko. Akasema, "Alikuja kwa uongo, lakini amekaa kwa adabu. Nimfukuze kwa kosa lako?"

Mwaka jana nilisimama Kyimo barabarani kununua ndizi. Mama muuzaji akanionyesha mafungu mawili.

"Hii ni ambwene, ya kupika. Hii nyingine tamu ukiivisha, tunaiita gwamaka."

Nikamuuliza Gwamaka ni nani.

"Sijui, kaka. Wanasema ni mtu aliyeileta. Bibi mmoja alikuwa akikupa chipukizi lake anakwambia usiliache karibu na ng'ombe."

Nikanunua mafungu yote mawili. Jina langu sikumwambia.

Nilichojifunza: ile DNA ilisema kweli, na kidole cha Bibi kilisema kweli. Aliyekuwa anasumbua ni mtu wa katikati mwenye fomu. Siku hizi nikiharibu, naandika kwenye ule mstari wa sababu. Hata kama ni ng'ombe.

Wenye migomba yenye majina ya watu huko kwenu, na mliowahi kurekebishwa na bibi kwenye fani mliyoisomea, uwanja ni wenu. Na Asajile kama yumo humu, maziwa nayakumbuka.