Virginie Alipoanza Kukonda

Kwetu Vulamba, hapa Butembo, mutu akinenepa, watu wanasema Mungu amemukumbuka. Akikonda, wanauliza alikula kwa nani.

Virginie alikuwa mama munene tangu nilipomufahamu. Tunasali katika shirika moja, na parseli yake inapakana na yetu. Salomon, bwana yake, anafanya biashara ya vitambaa kule Kampala, anarudi mara chache. Katika nyumba ndogo ya nyuma, ndani ya parseli ile ile, anakaa Rébecca, dada ya Salomon. Huyo alitoka Mangina mwaka ule wa Ebola, kisha kuzika bwana yake. Aliingia Butembo na sufuria moja na kitenge alichovaa. Watu walimupokea, lakini hawakumaliza kumuangalia. Wengine walisema bwana alikufa na Ebola. Wengine walikuwa na maneno ingine, ya sumu, na hawakuyasema mbele yake.

Virginie ndiye aliyewanyamazisha. Kila jioni alikaa na wifi yake mulangoni, wakakula katika sahani moja, na wapita njia wakaona. Kwetu hakuna ushuhuda unaopita huo. Mutu unayemwogopa, hauli mukononi mwake.

Sasa, kisha Pasaka, kidonda kidogo chini ya kidole cha muguu wa Virginie kikakataa kupona. Ornella, mutoto wake, ni infirmière, muuguzi, kule Beni, katika Bungulu. Akamuita mama yake, akamupima, akakuta sukari iko juu sana. Dokta wa kule alisema naye waziwazi: asipopunguza uzito, muguu ule utakwenda njia ya muguu wa mama yake. Mama ya Virginie alikatwa muguu wa kushoto, na mwaka haukwisha tukamuzika. Basi dokta akamupatia mikebe ya unga wa kukoroga katika mayi. Kopo moja asubuhi, kopo moja jioni, na hicho ndicho chakula. Saa sita tu, mboga za majani na kipande cha samaki. Na kila juma apite centre ya afya apimwe.

Virginie alirudi na ile mikebe ndani ya mufuko wa maharagi, ili mutu asiione. Kosa liliingia hapo. Hakuambia mutu, hata Rébecca. Kwetu ukisema una sukari, watu wanaanza kukusalimia kwa sauti ya matanga. Tena aliona haya, mama mwenye wajukuu kunywa unga sawa mutoto anayeachishwa ziwa. Baadaye alinieleza yote, ndiyo sababu ninajua kuyaandika.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Alijifungia chumbani, akakoroga, akafunga macho, akameza. Alisema ilikuwa sawa kunywa chaki iliyopita karibu na sukari. Asubuhi aliweza. Jioni ndiyo ilimushinda, wakati Rébecca alipokaanga vitunguu na makayabo, samaki ya chumvi, nyuma ya ukuta. Harufu iliingia chini ya mulango sawa mutu mwenye funguo.

Hapo Virginie alitoa kiatu cha mama yake chini ya kitanda. Mama alikuwa amenunua viatu kwa ajili ya Noeli, na muguu ukakatwa mbele ya Noeli kufika. Kile cha kushoto hakikuvaliwa hata mara moja, soli yake ingali safi. Virginie aliingiza mukono ndani yake, akashika rozari kwa mukono mwingine, akasema, “Mungu wangu, jioni hii tu. Ya kesho sikuombi.” Kesho akaomba tena vilevile. Hakujaribu kubeba juma zima kwa mara moja. Alibeba jioni moja, akaiweka chini, akalala.

Lakini nyuma ya ukuta Rébecca alipakua chakula cha watu wawili, akangoja. Siku ya kwanza Virginie alisema kichwa kinauma. Kisha ikawa tumbo. Kisha akasema ameshiba, na Rébecca hakuuliza alishibia wapi. Akaanza kukula peke yake pale mulangoni, na wapita njia wakaona sahani na mutu mumoja.

Mukubwa wa vijana wa avenyu yetu ni Kakule, fundi wa pikipiki, kijana wa sauti ndogo na heshima nyingi. Jioni moja alisimama akamuuliza Rébecca kama Mama Ornella hakuli leo. Rébecca akajibu kwamba amechoka. Siku ingine Kakule akasimama tena, akauliza neno lile lile, na sauti ile ile. Nilikuwa ninaanua nguo kwetu. Nilimusikia, nikaacha nguo zingine kwenye kamba, nikaingia ndani.

Kisha zamu ya kupokea shirika ikafika kwa Rébecca. Alipika bugali, sombe ya majani ya muhogo na maharagi ya mafuta ya mawese. Sawa desturi, alionja kwanza mbele yetu sote, kidogo katika kila sufuria, ili tuone hakuna kitu ndani. Kisha akamupakulia Virginie, wa kwanza, kama mukubwa wa nyumba. Virginie alishika ile sahani, akaiangalia sana. Kisha akaipitisha kwa aliyekaa kando yake, akasema ameshiba.

Mama Godelive, muzee wetu, aliweka sahani yake chini polepole, kama inayoweza kuvunjika. Wengine wakafuata. Tuliokula tulikuwa wachache. Rébecca alibaki amesimama na mwiko mukononi, na tulipofunga sala, sufuria zilikuwa zingali zimejaa.

Jumapili iliyofuata, Virginie hakunywa kopo ya asubuhi kwa heshima ya Komunyo. Kutoka misa, katika mupando unaoingia avenyu yetu, akaanguka. Watu walipomuinua, kitenge kikateleza kiunoni, na kila mutu akaona namna kilivyokuwa kimemuzidi. Hapo ndipo neno lilisemwa, sijui na nani: “Bamemulisha.” Maana yake, amelishwa sumu.

Tulimufikisha nyumbani, nikamunywesha ule unga wake. Ndiyo mara ya kwanza niliuona. Alikuwa anaanza kupata nguvu ya kukaa tuliposikia miguu mingi ndani ya parseli. Hapakuwa na makelele, na hiyo ndiyo iliniogopesha. Vijana wengine walishika mawe. Mumoja alikuwa ameleta tairi, akaiegemeza kwenye ukuta wa Rébecca taratibu, sawa mutu anayetua muzigo apumuzike. Rébecca alikuwa kwenye kizingiti chake, angali na nguo za kanisa. Kakule alikuwa anamuomba, kwa heshima, atoke wakaongee barabarani.

Virginie alitoka akishika ukuta, bila viatu, na mukebe mukononi.

“Kakule, mutoto yangu, kuja uone. Niko na sukari. Dokta ya Beni njo alinikataza chakula. Hii njo ninakunywaka.”

Kakule aligeuza mukebe, akausoma pande zote, akamurudishia kwa mikono miwili.

“Mama, mutu bakishamulisha, anakingaka ule alimulisha. Ile tunajua. Kama sumu haiko, kula ya kwake. Hapa, tuone.”

Rébecca, ambaye kwa mara ya kwanza alisikia habari ya sukari, hakuangalia tairi wala mawe. Aliangalia muguu wa wifi yake.

“Wifi, hapana,” akasema. “Muguu yako.”

Virginie aliketi kwenye kizingiti, akamuambia apakue. Rébecca hakusogea. Basi Virginie mwenyewe akavuta sufuria za saa sita, zilizopikwa mbele ya misa, akatoa bugali na sombe katika sahani moja, akamukalisha wifi yake kando yake. Rébecca akaonja. Kisha Virginie akakula. Alikula tonge kwa tonge akimuangalia Kakule machoni, mpaka sahani ikabaki nyeupe. Machozi yalimushuka. Baadaye aliniambia hayakuwa ya woga tu. “Ile sombe ilikuwa tamu mpaka niliogopa,” akasema.

Vijana wakaanza kuangaliana. Mumoja akanongona kwamba mutu wa sumu hakuli namna ile, mwingine akacheka puani. Mawe yakawekwa chini. Mwenye tairi akaibeba tena, na kwa haya akatusalimia akitoka. Kakule alibaki wa mwisho.

“Sawa, Mama. Mais sumu ingine inatembeaka polepole. Tutaangalia mwili.”

Akatutakia Jumapili njema, akaenda.

Tukabaki watatu, na neno lile katikati yetu. Virginie akiendelea na kopo, mwili utapunguka, na watarudi kwa Rébecca. Akiacha, kidonda kitapanda. Jioni nilimukuta chumbani anajifunga vikwembe vitatu, kimoja juu ya kingine, ili aonekane munene. Alikuwa anajaribu kutembea navyo. Rébecca aliingia nyuma yangu, akavifungua kimoja kimoja.

“Ulijifichaka, ona kenye kilitokea,” akamuambia. “Hapana ficha tena.”

Rébecca mwenyewe alikuwa amekwisha kufunga vitu vyake katika kitambaa ili arudi Mangina. Virginie alikataa. Alisema akienda, watasema amekimbia, na hatari ya barabara ya Beni watu wanaifahamu. Waliongea sana, na kulia kidogo. Kisha wakakubaliana neno moja: yote yafanyike inje.

Asubuhi walibeba benchi mpaka kando ya avenyu, pale watu wanapopita kwenda sokoni. Mukebe uliwekwa wazi. Rébecca akakoroga, akainua kopo mbele ya wapita njia, akaonja wa kwanza. Uso wake wote ukakunjamana.

“Donc mulozi ni dokta yako,” akasema polepole.

Virginie alipokea kopo akicheka, mpaka akamwaga kidogo kwenye kitenge. Nilileta chai yangu nikakaa nao. Mama Godelive alituangalia kwa juu ya ua wa lupango lwake. Siku iliyofuata alikuja, akakaa mwisho wa benchi, bila kuomba kuonja.

Tunaendelea hivyo hata sasa. Kidonda kimeanza kukauka pembeni, na infirmier wa centre anafurahia kilo. Virginie anamushukuru Mungu kwa kila kilo inayotoka, halafu njia yote ya kurudi anavuta kitenge kiunoni. Jioni angali anatoa kile kiatu. Siku hizi Rébecca anakaa kando yake wakati wa rozari, na vitunguu anakaanga mapema, ili harufu iishe mbele ya saa yenyewe.

Kakule anapita kila asubuhi na pikipiki. Anapunguza mwendo, anatusalimia mumoja mumoja, Mama huyu, Mama yule. Haangalii kopo. Anaangalia fundo la kitenge cha Virginie.

Jana fundo lilikuwa limesogea tena. Kakule aliliangalia kuliko siku zingine, na motere inanguruma chini yake. Rébecca alimuona. Alichukua kopo mukononi mwa wifi yake, akaonja tena, ijapokuwa alikuwa amekwisha kuonja.