Jua la Nkhata Bay

Ndugu zangu, kuna aibu mtu huicheka baada ya wiki, na kuna aibu inayokaa mwilini kama moshi wa jikoni, hata ukioga bado wenzako wanainusa. Hii yangu ni ya aina ya pili, na nawasimulia mimi mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa na wengine, tena kwa chumvi.

Mimi ni Mmatengo wa Maguu, mtoto wa milima na kahawa. Kwetu jua hutoka nyuma ya kilima na kuingia nyuma ya kilima kingine, na utotoni maji mengi kuliko yote niliyoyajua yalikuwa ya mto unaovukwa kwa kuruka mawe. Miaka ile nilikuwa naandika riwaya (bado naiandika, msiniulize), na niliamua itokee Malawi, kwa sababu nilipenda sura za watu nilipowaambia inatokea Malawi. Nilikuwa nimempenda Helena, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Liuli, ziwani. Bibi yake, Bibi Asnati, alizaliwa ng'ambo ya ziwa, Nkhata Bay, huko Malawi, akavuka akiwa msichana kuja kuolewa.

Bibi aliposikia naenda Malawi kutafuta habari za kitabu changu, alinishika mikono yote miwili. Zamani, wakati wa shida ya bidhaa, watu wa Liuli walivuka kila mara kufuata sabuni na sukari, na salamu zake kwa dada yake zilikuwa zinafika. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, maduka yetu yamejaa sabuni za kila rangi, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuvuka. Akanipa kitenge kipya, amekikunja mara nne na kukifunga kwa kamba. Cha Meri, akasema, dada yake wa pekee aliyebaki, nimkabidhi mkononi.

Nikafika bandari ya Mbamba Bay. Meli ilikuwa imesimama mbali na ufuko, siku hiyo kuna upepo, abiria wanapelekwa kwa boti ndogo inayopanda na kushuka kama mtu anayekohoa, na mimi sijui kuogelea hata kwenye beseni, basi nikajiambia, ngoja meli ijayo. Uamuzi mdogo tu, jamani. Lakini badala ya kungoja meli ijayo nilidandia lori lililokuwa linarudi juu, nikajificha siku tisa kwa kaka yangu Maguu, katika ghala lake la kahawa, mimi na kitabu kimoja cha jiografia. Kitenge nikakisukumia ndani ya gunia la kahawa panya wasikipate.

Kitabu kile nilikimeza. Malawi ni nchi isiyogusa bahari yoyote. Imepakana na Tanzania, Zambia na Msumbiji. Mji mkuu ni Lilongwe, zamani ulikuwa Zomba. Fedha yake ni kwacha, mlima wake mrefu ni Mulanje, na Mto Shire hutoka ziwani ukaenda kuungana na Zambezi. Yote kweli tupu! Nadhani ndiyo maana nilijiamini kiasi kile.

Niliteremka Liuli nikasema nimerudi. Bibi akaniuliza kama Meri amekipata kitenge.

"Amekivaa papo hapo, Bibi," nikasema, "akacheza mpaka majirani wakatoka nje."

"Meri?" akasema Bibi. "Alicheza?" Akanitazama kitambo, kisha akanishukuru.

Sasa njooni siku ya posa. Mshenga wangu alikuwa Baba Mdogo Batazari, mtu ambaye ukimpa neno moja anarudisha kumi, na jioni ile, tumekaa sebuleni kwa akina Helena na wazee wao, ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, mbasa, viko mezani, aliwaambia kwamba kijana wake ameizunguka Malawi yote na yeye mwenyewe alimpokea aliporudi, amebadilika rangi kwa jua la kule (alinipokea wapi, Mungu anajua, maana hata yeye nilimdanganya). Wazee wakafurahi. Mimi kichwa kikavimba, nikasema, bila kuombwa na mtu, kwamba ningependa kuwasomea ukurasa mmoja wa kitabu changu, uwe zawadi kwa Bibi.

Nikaanza na mipaka, mji mkuu na mto Shire, wazee wanaitikia kwa vichwa, kisha nikalegeza sauti na kusoma kipande nilichokipenda kuliko vyote:

"Jioni nilikaa ufukoni Nkhata Bay, nikalitazama jua likizama ziwani, jekundu, likizimika majini kama kaa la moto."

Nilipoinua macho nikakuta hakuna anayetafuna.

Baba yake Helena ni mvuvi, mtu wa maneno machache. Aliniuliza jua lilizama wapi. Nikasema ziwani, mzee. Akauliza, ukiwa umesimama Nkhata Bay? Nikasema ndiyo, mzee, kwa macho yangu. Akainuka, akafungua mlango.

"Tutoke kidogo," akasema.

Tukatoka sote, Baba Mdogo Batazari na kipande chake cha mbasa mkononi. Na pale mbele yetu, ndugu zangu, jua lenyewe lilikuwa linashuka, jekundu, juu ya ziwa, na nyuma ya ziwa ilionekana milima ya Malawi kama mstari wa moshi, na jua linaingia nyuma yake.

"Kule ndiko Nkhata Bay," akasema baba yake Helena. "Jua linazama ziwani ukiwa huku kwetu. Wao likiwazamia lipo mgongoni mwao, milimani."

Kosa ambalo mtoto wa darasa la kwanza wa Liuli asingelifanya. Baba Mdogo alinong'ona kwamba labda siku ile kulikuwa na mawingu. Lakini aliyenimaliza ni Bibi Asnati, ambaye hakuwa anatazama jua hata kidogo, alikuwa ananitazama mimi.

"Kitenge changu kiko wapi?"

"Maguu, Bibi," nikasema. "Kwenye gunia la kahawa."

"Kwa hiyo Meri bado anangoja."

Akaingia ndani akishika ukuta, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya, kwamba kwa miezi miwili mwanamke mzee alikuwa akilala na picha ya dada yake anacheza, picha niliyoitunga mimi kwenye ghala.

Baba yake Helena alisema posa hawaikatai. "Ila binti yetu hatumkabidhi kwa mtu aliyeshindwa kufikisha kitenge." Helena alikuja kukusanya sahani, akasimama karibu nami.

"Ungesema tu unaogopa maji," akasema. "Hapa kila mtu anayaogopa."

Nikavuka. Nilitapika tangu Mbamba Bay mpaka upande wa pili, na asubuhi yangu ya kwanza Nkhata Bay nilishuka ufukoni, nikaliona jua linachomoza majini, kutoka kwetu, kana kwamba lililala Liuli.

Meri nilimkuta amekaa mlangoni, mdogo kama mtoto. Nilimweleza yote, aibu kwa aibu, naye akanisikiliza, akiuliza hapa na pale kwa Kiswahili alichokiokota zamani kwa watu wa Liuli. Akakinusa kitenge.

"Kinanuka kahawa," akasema. Akakikunja upya mara nne, akakitia kwenye sanduku.

Niliporudi Liuli, Bibi Asnati alikuwa anamenya karanga uani. Hakuitikia hata shikamoo yangu kwanza.

"Amekivaa?"

Ulimi uliniwasha, lakini nikasema, "Hapana, Bibi. Amekifungia sandukuni. Amesema atazikwa nacho."

Bibi akaacha karanga. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa upindo wa kanga.

"Huyo ndiye Meri," akasema. "Tangu msichana, kila kizuri anakiweka cha kuzikiwa. Sasa umefika."

Helena ni mke wangu leo, na ukurasa ule niliuchana. Nimejiapiza kutolitia jua kwenye kitabu kabla sijasimama mahali penyewe nikaliona linatokea wapi, na hata hapa Mbinga tunakoishi, nikitaka kuandika neno jioni, naweka kalamu chini, natoka nje kwanza.