Kidogo cha Mama

Harufu ya dawa ya kuchua, ile yenye mnanaa mkali, ikinikuta kwenye treni, hunirudisha utotoni. Juzi ilinikuta kituo cha Sundbyberg, hapa Sweden, nikienda kwenye usaili wa kazi, na badala ya kukariri majibu yangu nikaanza kuwaza namba nane.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi kitongoji cha Hallunda. Mama, aliyetoka Uvira, alisafisha vyumba vya hoteli. Siku tatu mfululizo alikuwa amejipaka dawa hiyo tumboni. Asubuhi ya nne alikaa jikoni ameshikilia ukingo wa meza, akaniambia nipige simu kituo cha afya. Kuongea Kiswidi ilikuwa kazi yangu.

Nesi akauliza: kutoka sifuri hadi kumi, maumivu ni kiasi gani? Nikamtafsiria Mama.

"Mwambie ni kidogo tu, mwanangu."

Kidogo! Mama Njeri, jirani yetu Mkenya, naye alitaka sukari "kidogo tu", kisha akatia vijiko vinne. "Dada, hicho kidogo chako kitamaliza duka," Mama alikuwa akimtania. Lakini nikidai viatu, "subiri kidogo" ilikuwa miezi. Hiki cha leo kilikuwa kipi? Nikizidisha, nimeidanganya Sweden nzima. Nikipunguza je? Nilitazama vidole vyake pale mezani, vimekakamaa.

"Åtta," nikasema. Nane.

Tuliambiwa twende hospitali papo hapo. Jioni alipasuliwa mfuko wa nyongo. Daktari alisema mfuko ule usingengoja siku nyingine. Mimi, badala ya kushukuru, kwa majuma kadhaa nilingoja mtu wa serikali abishe hodi aulize ile nane niliitoa wapi. Mama sikumwambia kitu.

Miaka ikapita. Likizo moja ya chuo nilifanya kazi naye hotelini. Msimamizi alimsomea namba za vyumba kwa Kiswidi, harakaharaka, naye akaziandika bila kuinua kichwa, kama mtu aliyezizoea miaka mingi. Nikabaki nimekumbatia mashuka. Kumbe namba alizijua siku zote. Kile kidogo hakikuwa cha nesi. Kilikuwa changu mimi, nisiogope.

"Mama, siku ile ya simu, uliisikia nane yangu?"

"Niliisikia." Akaendelea kuvalisha mto foronya. "Maumivu yenyewe yalikuwa tisa."