Mbegu Niliyoifuta Masizi

Nilikuwa Mikumi, nauza chai na chapati kwa madereva wa malori, niliposikia redioni kwamba masika ya mwaka ule yangekuja na mvua kubwa kuliko kawaida. Dereva mmoja akacheka, akasema kila mwaka wanatangaza hivyohivyo halafu yeye anaishia kula vumbi. Mimi sikucheka. Nilimfikiria Bibi, peke yake kule mlimani juu ya mji wa Kilosa, na jiko lake la udongo lililoezekwa nyasi, ukuta mmoja umeshaanza kuinama.

Kesho yake nikaaga, nikapanda basi. Njia nzima nilikuwa na daftari mapajani. Shule nimeishia kidato cha pili, hesabu zilinishinda, lakini kuchora naweza. Nikaichora nyumba ya Bibi jinsi nitakavyoiandaa: mtaro pande zote, mawe juu ya bati, kuni zimejaa chini ya kitanda, na kila kitu cha maana kimefungwa kwenye plastiki. Abiria wa pembeni akaniuliza kama mimi ni fundi ujenzi. Nikamjibu, "Bado." Nilivyolipenda hilo jibu langu, nililitafuna mpaka Kilosa.

Bibi alikuwa anachambua mboga barazani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umefukuzwa kazi au umefukuzwa na mwanamume?"

"Nimekuja kukuandalia nyumba. Mvua kubwa inakuja."

"Nani kakwambia?"

"Redio."

"Haya, redio ije ichimbe mtaro, wewe ukae unywe uji."

Lakini asubuhi yake alinipa jembe. Kazi ya siku ya kwanza niliiharibu kabla ya saa nne. Nilichimba mtaro umelala kabisa ubavuni mwa ukuta, kama nilivyouchora. Bibi akaja, akasimama, akauliza, "Hayo maji unayakaribisha ndani au?" Akanipeleka hatua sita kupanda mlima, nyuma ya nyumba, akaniambia nianzie hapo, niyakate maji njiani kabla hayajaiona nyumba. Kuhusu mawe juu ya bati naye alikuwa na neno: jiwe upepo ukilitikisa linabiringika, linaweza kumpasua mtu kichwa. Tukajaza mchanga kwenye viroba. Kitanda chake tukakiinua kwa matofali. Kitambulisho, kadi ya kliniki na picha ya Babu nikavifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikavitundika msumarini. Jioni ya siku ya tatu nilijiona kama mtu aliyejenga mji.

Kikabaki kitu kimoja, na ndicho kilichokuwa kinaninyima raha. Mbegu.

Juu ya mafiga, kwenye jiko lile lenye ukuta ulioinama, kuna dari ya miti. Hapo Bibi huning'iniza mahindi ya mbegu, yamefungwa maganda kwa maganda, yameiva kwa moshi mpaka yamekuwa meusi kama makaa. Ni mahindi mafupi, meupe, yenye punje nyekundu hapa na pale, mbegu aliyokuja nayo siku alipoolewa. Ya dukani ameshajaribu. Kwenye mteremko wetu upepo unayalaza kabla hayajabeba. Kwa hiyo ile mbegu ya darini ndiyo shamba lenyewe. Ikipotea, mwaka huo hakuna cha kupanda, na Bibi hana mahali pengine pa kulitoa tonge lake.

Niliuangalia ukuta, nikaiangalia mbegu. Jumapili Bibi alipoenda kanisani, nikapanda juu ya kinu, nikaishusha yote.

Nikiyashika mkononi, nikaona masizi yalivyoyagandia. Sijui niseme nini, niliyaonea huruma. Mahindi ya Bibi wangu, machafu namna ile! Nikachukua kitambaa, nikakichovya kwenye beseni, nikayafuta moja baada ya moja mpaka punje zikawa zinacheka. Kisha nikayapukuchua, nikayajaza kwenye dumu la lita ishirini, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikalisukuma chini ya kitanda changu kwenye nyumba ya bati. Nikauzima na moto wa mafiga, nikaweka jiko la mkaa barazani, ili Bibi asiingie tena kwenye kile kibanda.

Aliporudi, kitu cha kwanza alitazama juu.

"Ziko wapi?"

"Ndani, Bibi, kwenye dumu. Hata nyumba ikielea, zenyewe salama."

"Zimekauka?"

"Kabisa."

Ya kitambaa sikusema. Sikuona kama ni jambo la kusema, au labda niliona kidogo, nikaamua kutoona. Bibi alifungua mdomo kama mtu anayetaka kuuliza tena, halafu wingu lilelile lililokuwa limekaa tangu asubuhi likaachia, tukakimbilia nguo kwenye kamba.

Mvua ilinyesha siku nane. Chini, mto uliguruma mchana kutwa, na watu waliotoka mjini walisema barabara ya Msowero imekatika. Mtaro wetu ulifanya kazi. Maji yalikuja mekundu, yakafika pale pa hatua sita, yakageuka kando kwa adabu. Siku ya tatu, saa nane mchana, ukuta wa jiko ukaanguka, nyasi za paa zikalala juu ya mafiga. Tulikuwa barazani, tumeshika vikombe vya chai. Nilimwangalia Bibi. Akaniangalia.

"Sawa," akasema. "Umeona mbali."

Hakuna sifa niliyowahi kupewa maishani nikaifurahia hivyo. Siku tano zilizofuata nilitembea ndani ya nyumba ile ndogo nikipiga miluzi, na kwenye daftari nikachora nyumba ya wageni huko Mikumi, na mimi mlangoni.

Siku ya tisa jua likatoka. Majirani wakaanza kushuka mashambani na majembe. Bibi akasema ardhi imefunguka, nilete mbegu. Nikalivuta dumu. Nilipokifungua kifuniko, likanipulizia usoni hewa ya moto, na harufu ambayo kila mtoto wa kwetu anaijua.

Bibi aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa. Punje zilikuwa zimeshikamana, nyingine zimeota ukungu wa kijani, nyingine zimechomoza vimizizi vyeupe vikaozea humohumo.

"Hii pombe," akasema taratibu. "Umenitengenezea kimea."

Nikaokota punje moja, ikapondeka vidoleni.

"Uliziosha?"

"Nilizifuta tu, Bibi. Kwa kitambaa."

"Kikavu?"

Nikaanza kulia. Hakunipiga, hakuninyanyulia hata sauti. Ingekuwa afadhali. Alikaa kwenye mkeka, akamwaga punje zote juani, akaanza kuchagua kwa vidole, huku ananieleza kama mtu anayejisemea mwenyewe. Kwamba masizi yale ndiyo koti la mbegu. Kwamba moshi wa kila siku ndio unaoikausha, na mdudu akija akakuta uchungu anaondoka. Kwamba yeye kila masika anapolala anausikiliza moto, siyo mvua.

"Sasa wewe ulipoona ukuta mbovu ungeniambia. Tungejenga nguzo mbili za kuuegemeza. Nusu siku."

Nusu siku! Nilikuwa nimekaa pale siku tatu na daftari langu, na sikumuuliza hata mara moja kile kitu kipo pale kwa nini.

Zile zilizoonekana nzima alichukua ishirini, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, tukangoja siku tano. Zikaota tatu. Bibi akazitazama muda mrefu. Wenzake walikuwa wameshamaliza kupanda shamba la kwanza.

"Nenda kwa mtani wangu," akasema.

Mtani wa Bibi ni mwanamke wa rika lake anayekaa ng'ambo ya korongo, wa kabila la watani wetu, wale ambao hata msibani wanaruhusiwa kututania na hatuna haki ya kukasirika. Miaka ya nyuma jiko lake liliungua na mbegu yake ikateketea, Bibi akampa yetu.

"Si twende wote, Bibi?"

"Miguu yangu haipandi tope. Na mdomo uliosema zimekauka siyo wangu."

Nikaenda. Nilimkuta jikoni na wakwe zake wawili, wanamenya mihogo. Nikamwamkia, nikakaribishwa kigoda, nikaanza kuzunguka na habari za mvua. Akanikata.

"Msichana wa Mikumi, watu wanapanda wewe unatembea. Sema kilichokuleta."

Nikasema. Yote, mpaka beseni. Aliponielewa alipiga kofi pajani.

"Rudia, hawa wakwe zangu hawajasikia vizuri. Ulifanyaje?"

"Niliyafuta kwa maji, Bibi."

"Kayaogesha! Jamani, kayaogesha! Na mafuta ulipaka?"

"Hapana."

"Sasa utashangaa nini yakifa? Yalipauka!"

Wakwe zake walicheka mpaka mmoja akaangusha kisu. Nilitaka ardhi inimeze, na wakati huohuo kicheko kilikuwa kinanipanda mimi mwenyewe, kimechanganyika na machozi.

"Ukoo wenu mzima akili mnazifungia kwenye dumu," akaendelea. "Haya, panda juu ukachukue. Mimi sikushushii. Panda, moshi ukujue."

Nikapanda juu ya kinu chake, nikaingiza kichwa kwenye dari, moto ukiwaka chini yangu. Macho yalinichoma, kamasi zikanitoka, vidole vikahangaika kufungua maganda yaliyokaushwa mpaka yakawa kama ngozi. Niliposhika fungu moja akasema bado. La pili, bado. La nne, akasema basi, mengine ni ya wajukuu zake. Yalikuwa mahindi yetu yaleyale mafupi, na punje nyekundu hapa na pale.

"Mwambie mtani wangu nimemtunzia vitu vyake bure miaka yote hii," akasema, akiyafunga kwenye kanga yake mwenyewe. "Na wewe usipitie mtoni."

Bibi aliyapokea kwa mikono miwili, akayanusa, akayaweka mapajani. Siku iliyofuata tulipanda. Yeye alichimba mashimo, mimi nikadondosha punje mbilimbili, na masizi yake. Zile chache zilizopona kwenye dumu hakuzitupa, alizipanda kwenye mstari wa mwisho peke yake. Jioni, kabla hajalala, alinionyesha jinsi ya kusimamisha nguzo, na wiki ile tukaujenga upya ukuta wa jiko, tukawasha moto ndani hata udongo haujakauka.

Siku hizo zote alinisemesha vizuri, ila kwa maneno machache, na lile jina la "mke mwenzangu" hakuniita tena.

Siku ya saba mahindi yakatoka. Tulikuwa shambani tunazibia mapengo, mtani akatokea njiani na fimbo, amejifunga kanga kiunoni, anapiga kelele kutoka mbali.

"Nimekuja kuhesabu watoto wangu!"

"Wako wote," Bibi akajibu, "ila wamekataa ukoo wako. Wamesema kwako walikuwa wanalala njaa!"

"Njaa? Mbona kwangu walinenepa? Nirudishie!"

"Njoo uwachimbue na meno hayo mawili uliyobaki nayo!"

Bibi alicheka mpaka akaegemea jembe, kicheko kirefu cha kukatika pumzi, cha kwanza tangu nilipofungua lile dumu. Kisha akajifuta macho na ncha ya kanga, akageuka.

"Mke mwenzangu, umesimama unashangaa nini? Nenda kachochee moto, mgeni anywe chai."