Kifuu cha Machipukizi ya Mchongoma

Wajukuu zangu hapa Rasbura wanapenda machongoma. Hurudi na midomo ya zambarau na mikono iliyochanwa na miiba, nami siwakatazi. Lakini jana mmoja aliniletea tawi zima, akalivunja mbele yangu, na harufu ya yale majani machanga iliponifikia nikatoka nje kutapika.

Harufu hiyo naijua tangu askari wa Mdachi walipochoma maghala yetu karibu na Tingi. Mama tulikwisha kumzika. Baba alikunywa maji ya dawa, akaenda vitani, hakurudi. Nikabaki kichakani na bibi, mama yake baba. Matunda ya mchongoma yalikuwa hayajaiva, kwa hiyo bibi alichuma machipukizi, akayachemsha bila chumvi mpaka yakavutika kama kamasi. Nisameheni, lakini ndivyo yalivyokuwa.

Kutwa nzima alipata ya kujaza kifuu kimoja, akanipa chote.

“Kula umalize, mke mwenzangu,” alinitania. “Mimi nimeshakula jikoni.”

Nilimeza mafunda mawili nimeziba pua. Akigeuka tu, yaliyobaki niliyamwaga nyuma ya mafiga, kwenye majivu.

Siku moja nikamkuta amechutama palepale, anayaokota, anayapuliza majivu, anakula upesi upesi. Mwili ulinisisimka kwa kinyaa. Ameshakula jikoni, na bado anafuata uchafu? Tangu siku hiyo sikutaka anishike. Na ili asipate tena cha kuokota, nikaanza kumaliza kifuu changu, hata nikitokwa na machozi.

Bibi alifurahi. “Sasa umekua,” alisema.

Chongoma la kwanza lilipoiva alilifikicha taratibu kwa vidole, ukakasi uishe, akanipa. Nililifuta kwanza kwenye kaniki yangu, nikalifuta tena, ndipo nikala. Alikuwa ananitazama. Siku chache baadaye hakuamka.

Nilikuwa nina watoto wangu mwenyewe, nawapakulia chakula, nilipokumbuka kwamba chungu chetu kilikuwa kimoja na kilijaza kifuu kimoja tu. Jikoni hapakuwa na kitu kingine.

Jana mkwe wangu aliniletea maji ya kusukutua, akawakemea watoto wasilete tena matawi ndani. Nikamwacha aamini kuwa ni harufu tu. Kinachonichefua ni mimi, nikilifuta lile tunda mara mbili huku bibi ananitazama.