Mukiri na diski zilizosuguliwa kwa dawa ya meno

Saa tatu asubuhi, karibu na soko la Gakoromone mjini Meru, fundi Mukiri anainua DVD kwenye mwanga wa mlango wa karakana yake, anaigeuza, kisha anaguna.

“Hii imesuguliwa na nini?”

“Dawa ya meno,” anajibu Ciakuthii, mjane aliyetoka Siakago, Embu. “Niliambiwa inatoa mikwaruzo.”

Mukiri anafumba macho. Ameokoa video kwenye diski mbovu kwa miaka kumi na mmoja, na anasema wateja wanane kati ya kumi huzisugua kwanza. “Wanamaliza kuharibu, halafu wananiletea.”

Diski hii ni ya sherehe ya mahari ya Ciakuthii ya mwaka 2008, wakati tayari walikuwa na watoto. Ndiyo pekee yenye sauti ya mumewe, Njiru. Alipofariki, binti yao wa mwisho alikuwa na miezi minne.

Mukiri anapunguza kasi ya kisomaji cha diski hadi ya chini kabisa, kisha anaiamuru kompyuta irudie kila sehemu mbovu mara mia. Saa sita baadaye video imesogea nusu dakika tu. Kisomaji kimechemka, kimekufa. Ni cha tatu mwaka huu.

“Hilo ni kosa langu,” anasema kwa uchungu. “Nililazimisha.”

Kesho yake anafunga kisomaji kikuukuu alichong'oa kwenye kompyuta iliyotupwa. Safari hii anapanga kirudie kila sehemu mbovu mara mbili tu, kiruke, kichukue zilizo nzima kwanza, na mbovu zingoje mwisho.

Ciakuthii anapiga simu tena na tena.

“Fundi, imefika wapi?”

“Mama, ukipiga simu, diski haikimbii.”

Siku ya nne, dakika 38 kati ya 50 zimepatikana. Ciakuthii anakaa mbele ya kompyuta. Kwenye skrini, Njiru anasimama, anawashukuru wakwe. “Na watoto wangu nitawa…” Picha inaganda.

“Rudisha,” anasema Ciakuthii. Anasikiliza mara nne. “Na hapo mbele?”

“Hapo ndipo uliposugua, mama.”

“Najua,” anajibu polepole. Mukiri anatazama chini.

Mwezi mzuri humpa shilingi elfu ishirini na mbili, na vile visomaji vikuukuu vinazidi kuadimika. Kwa hiyo anapanga kuzunguka makanisani, kuanzia Nkubu hadi Siakago, akinakili diski za watu zikiwa bado nzima. Ciakuthii ameshawaambia akina mama wa kanisa lake.

“Wazilete na vumbi lake,” anasema Mukiri. “Nitapangusa mwenyewe. Wao wasiguse.”